Papanicolaou, Mugiriki aliyevumbua kipimo cha wamama

Wamama wengi wa miji yetu wanajua neno frotti. Docta anaandika ile neno ku kartasi, mama anauliza bei, kiisha anakunja kartasi na kuitia mu saki yake. Kartasi inabakia mule. Wengine wamesikia pia jina la test ya Pap, lakini ni wachache wanaojua kama "Pap" ni kipande tu cha jina la mutu: Papanicolaou, docta Mugiriki aliyekufa 1962. Leo tunaeleza maisha yake, juu mu ile maisha muko jambo moja linalotuuma sisi wa huku. Kipimo alichokifanya kilizaliwa mukononi mwa watu wasiokuwa na feza, kwa kioo kidogo na rangi kidogo. Namna gani basi, kufika kwetu, kikageuka kitu cha wenye feza?

George Papanicolaou alizaliwa tarehe 13 mwezi wa tano 1883 ku Kymi, muji mudogo wa kisiwa cha Evia, inchi ya Ugiriki. Baba yake alikuwa docta, na wakati moja alikuwa burugumestre wa ule muji. Mupango wa baba ulikuwa wazi: mutoto atasoma udocta, atatumika mu jeshi, kiisha atarudi nyumbani kushika kazi ya baba. Mutoto naye alipenda violon na vitabu vya filozofia. Hata vile alitii. Akiwa na miaka 15 aliingia iniversite ya Atene, na mu 1904 akapata diplome ya udocta. Alipita mu jeshi sawa docta musaidizi, akaona kama ile maisha haimufai, akarudi Kymi. Kule alitunza wagonjwa wa ukoma, wale watu waliokuwa wanatengwa mbali na wengine.

Lakini roho yake ilikuwa inatafuta kitu kingine. Mu 1907 aliacha wagonjwa, akaenda Ujerumani: Jena, Freiburg, mwisho Munich. Pale, mu 1910, alipata doktora juu ya kanyama kadogo ka mu maji, kale Wafaransa wanaita kiroboto cha maji (puce d'eau), kuchunguza kinachofanya kazaliwe kake ao kaume. Baba hakufurahi hata kidogo. Unasomesha mutoto udocta, yeye anaenda kuhesabu viroboto! Tunamwelewa yule muzee. Hata hapa kwetu muzazi angesema vile vile.

Mwaka ule ule alioa Andromache Mavroyeni, binti ya ofisie wa jeshi, ambaye watu wote walimuita Mary. Mushike sana ile jina, tutairudilia. Wawili walikaa kwanza Monaco, fasi George alipata kazi ya kuchunguza viumbe vya bahari. Mama yake akafa, akarudi Ugiriki. Mu 1912 vita ya Balkani ikatokea, akaitwa tena mu jeshi. Mule mu jeshi alikutana na Wagiriki waliotoka Marekani kuja kupigania inchi yao. Wale njo walimuelezea kama kule ng'ambo mutu wa siyansi anaweza kupata kazi.

Tarehe 19 Oktoba 1913 George na Mary walishuka ku New York na dola 250 mu mufuko, kiasi kile kile serikali ilikuwa inaomba juu ya kuruhusu mugeni kuingia. Kiingereza hawakukijua. Mary alipata kazi ya kushona vifungo mu magazini moja kubwa. Bwana yake, docta mara mbili, alianza kuuza mikeka mu magazini ile ile. Ile kazi ilidumu siku moja tu. Mutu waliyesafiri naye mu meli alimukuta pale kati ya mikeka, haya ikamushika, hakurudi tena. Kisha alipiga violon mu restora juu ya kupata chakula, akatumika pia sawa karani ku gazeti la Wagiriki, Atlantis. Wale licencié wetu wanaouza ma-unité ya telefone ku bord ya barabara watasoma ile sehemu na kutikisa kichwa.

Aliyemufungulia mulango ni mwalimu mukubwa wa mambo ya uzazi wa viumbe, Thomas Hunt Morgan, aliyekuwa amesoma kazi yake ya Munich. Kwa nguvu ya Morgan, George alipata fasi ku New York Hospital, na mu 1914 akaingia ku shule ya udocta ya Cornell, mu laboratuari ya profesere Charles Stockard. Mary akaacha vifungo, akaingia mu ile laboratuari sawa musaidizi wa bwana yake, bila mushahara. Hawakuzaa watoto. Maisha yao ilikuwa mikroskopi asubui na mikroskopi mangaribi, siku saba kwa juma.

Sasa tufike ku simbiliki. Musomaji wa Kivu hana lazima kuelezwa simbiliki ni nini: watoto wetu wanawafuga mu jikoni, na siku ya karamu wanapatikana mu sahani. Ku laboratuari ya Stockard walikuwa nao wengi, juu ya kuchunguza mambo ya urizi. George alikuwa na lazima ya kupata mayai ya simbiliki jike ku saa yenyewe ya kukomaa. Shida ni kwamba hakuna aliyejua ile saa. Walikuwa wanaua nyama, wanafungua tumbo, wanakuta saa imepita ao haijafika. Kazi bure, nyama bure.

Asubui moja akafikiri hivi: kama mwanamuke ana siku zake kila mwezi, pengine simbiliki naye ana alama yake, lakini ni ndogo hata jicho haliioni. Alienda kununua chombo kidogo kile wadocta wanafungulia pua ya mutu. Kwa kile chombo alitosha majimaji kidogo ku uke wa nyama, akapakaa ku kioo, akaangalia. Ku kioo kulikuwa hadizi nzima: seli za sura mbalimbali, ambazo zilikuwa zinageuka siku kwa siku, kufwatana na mwendo wa mayai ndani. Hapakuwa tena lazima ya kuua. Mu 1917 yeye na Stockard waliandika ile habari, na watu wa siyansi wakaipokea vizuri.

Kutoka simbiliki hata mwanamuke, njia ilikuwa fupi, ila alipashwa kupata mwanamuke anayekubali kupimwa kila siku. Nani angekubali? Ni Mary. Kwa miaka 21, vile wanaeleza, alitoa kipimo chake kila siku. Tunasema Papanicolaou alivumbua; lakini kitabu alimosoma kilikuwa mwili wa bibi yake.

Kuanzia 1925 hivi alipata ruhusa ya kupima wamama wengine ku hopitali moja ya wanawake ya New York. Kati yao kulikuwa wale waliokuwa na kanseri ya shingo ya kizazi. Ku kioo chao alikuta seli ambazo hakuwa ameona siku yoyote: kubwa, bila mupango, na kiini cheusi kilichovimba. Alifahamu mara moja. Ugonjwa ule, ambao wadocta walikuwa wanatambua tu wakati mama anatoka damu na harufu, wakati hakuna tena cha kufanya, ulikuwa unajionyesha wazi ku kipande cha kioo.

Mwezi wa kwanza 1928 alipeleka ile habari ku mukutano wa Battle Creek, mu jimbo la Michigan. Fasi yenyewe ilikuwa mbaya: ulikuwa mukutano wa watu waliokuwa wanaota kutengeneza kizazi bora cha binadamu, mawazo ambayo leo inaleta haya. Maandiko yake yalichapwa na makosa, na picha hazikuwa safi. Wakubwa wa kazi hawakumusikiliza. Walisema kama mutu anaweza kukata kipande cha nyama na kukipima, juu ya nini ahangaike na seli zilizodondoka?

Haki inatuomba tuseme pia kama hakuwa peke yake. Mu mwaka ule ule wa 1928, docta wa Romania, Aurel Babeș, aliandika mu gazeti la Kifaransa La Presse Médicale juu ya kipimo kinachofanana sana. Yeye alikuwa anagusa shingo ya kizazi yenyewe, na kupaka rangi ya Giemsa, ile ile ambayo mu santre zetu za sante wanapimia malaria. Wamoja wanasema Babeș njo alitangulia. Sisi hatuna biashara mu ile kesi. Tunaona tu kama rangi ya Giemsa iko kwetu tangu zamani, na kama shida yetu haikukuwa rangi.

Papanicolaou alirudi ku simbiliki zake, akanyamaza karibu miaka kumi. Stockard alikufa 1939. Aliyemufwata ku ukubwa wa kazi, Joseph Hinsey, alimuambia arudilie ile mambo ya kanseri. Wakamupatia mwenzake, Herbert Traut, docta wa wanawake. Mupango wao ulikuwa mwepesi na mukali: kila mwanamuke aliyeingia mu sehemu yao ya New York Hospital, hata kama alikuja juu ya kitu kingine, alipimwa. Ile njo ilikuwa mapinduzi yenyewe, kupita mikroskopi. Kwa kupima wote, walikuta kanseri kwa wamama ambao hawakusikia maumivu yoyote, na mara zingine ndogo sana, jicho la docta lisingeiona. Waliandika mu 1941, na mu 1943 wakatosha kitabu chenye picha zilizochorwa na Mujapani Hashime Murayama. Ile mara, hakuna aliyecheka.

Mambo ilienda mbio. Mu 1947 docta wa Kanada, J. Ernest Ayre, alileta kijiti cha mbao kilichochongwa kufwatana na sura ya shingo ya kizazi. Basi kijiti, kioo, alkoli, rangi. Mu 1949 jimbo la British Columbia, kule Kanada, lilianzisha mupango wa kupima wamama wake. Shule za kufundisha wasomaji wa vioo zilifunguliwa, na wengi waliosoma mule walikuwa wanawake. Mu miaka iliyofwata, vifo vya ile kanseri mu Marekani vilishuka kupita nusu. Alijaribu pia upande wa maziwa: mu 1958, yeye na wenzake waliandika juu ya kupima seli za majimaji yanayotoka ku chuchu. Ile haikufika mbali sawa ya kwanza. Kwa maziwa, kazi ilibakia mu mukono wa mashini ya radio, mamografi, ambayo bei yake wote munajua.

Hapa tuache muzee kidogo, tuongee ya kwetu.

Kioo na kijiti ni bei rahisi, ndiyo. Lakini nyuma ya kioo kuna watu. Mutu wa kutosha kipimo, mutu wa kupaka rangi, mutu aliyesoma miaka mingi juu ya kutambua seli mbaya kati ya maelfu ya seli nzuri, docta mukubwa wa kuhakikisha, kiisha mutu wa kumurudisha mama na jibu. Kama mumoja anakosa, munyororo umekatika. Mu inchi yetu wale docta wanaosoma seli ni wachache sana, na wengi wao wanakaa mu miji mikubwa. Mama wa Fizi ao wa Walikale hana shida ya kijiti. Ana shida ya njia, ya feza ya safari mara mbili, ya kulala, ya kuacha shamba. Jirani yangu mumoja alitoa frotti mwaka fulani, kioo chake kikatumwa mu muji mwingine, na jibu lilifika miezi nane nyuma yake. Kwa bahati lilikuwa jibu zuri. Alikuwa ameisha kuacha kulingojea.

Na ile kanseri haina haraka, ile njo inaumiza zaidi. Tunajua leo kama inatoka ku virusi vinavyoitwa papiloma. Mujerumani Harald zur Hausen alionyesha ile mambo mu miaka ya 1980, na akapata Nobel mu 2008. Kutoka virusi hata kanseri inaweza kupita miaka 15 ao 20, hata kama kwa mama mwenye virusi vya SIDA asiyekunywa dawa inakuwa mbio, miaka 5 ao 10. Miaka yote ile ni mulango uliofunguliwa. Mu 2020 wanawake karibu 342 000 walikufa na hii kanseri mu dunia, na karibu tisa juu ya kumi walikuwa wa inchi masikini ao za katikati.

Juu ya ile, wadocta walitafuta kupima bila mikroskopi. Enfirmie ao mama muzalishaji anapakaa siki ku shingo ya kizazi, siki kama ya jikoni lakini iliyopimwa, asilimia 3 mupaka 5. Anangoja dakika moja. Fasi yenye seli mbaya inageuka nyeupe. Wengine wanaongeza iode ya Lugol, kufwatana na docta Schiller wa Vienna: fasi nzuri inakuwa ya maji ya kawa, mbaya inakataa rangi. Jibu linatoka pale pale, na kama mashini ya baridi ao ya moto iko karibu, mama anatunzwa siku ile ile, anarudi nyumbani. Haikose makosa: mara zingine siki inaonyesha nyeupe fasi hakuna kitu, na kwa mama mwenye miaka mingi, haionyeshe vizuri. Tangu 2021 OMS inasema heri kupima virusi vyenyewe, na kwa ile kipimo mama anaweza kujitoshea mwenyewe, hata nyumbani, bila kupanda ku kitanda cha docta. Ile ni jambo kubwa kwa wamama wetu, ambao haya inawazuia kupita bei. Ila mashini na dawa za ile kipimo zinalipiwa kwa dola. Mu 2020 inchi zote za OMS zilikubali mupango: kufika 2030, wanawake 70 juu ya 100 wawe wamepimwa mbele ya miaka 35, na tena mbele ya miaka 45. Musomaji aangalie santre ya kata yake, ahesabu.

Tunasema waziwazi: ile Papanicolaou na Traut walifanya, kupima kila mama anayeingia, haiombi mashini. Inaomba uamuzi. Mama anayekuja kuchanjisha mutoto, mama anayekuja kuchukua dawa za VIH, mama anayekuja kuona mugonjwa, yuko pale tayari, safari ameisha kulipa. Kumuacha arudi bila kumupima ni kumuacha mutu mu mulango.

Muzee mwenyewe hakuona yote. Mu 1950 alipata zawadi ya Lasker. Nobel hakuipata, hata kama jina lake lilitajwa zaidi ya mara moja. Alikuwa anakaa Long Island, na mapumziko hakuyajua. Mwisho wa 1961, akiwa na miaka 78, aliacha Cornell kisha karibu miaka 50, akahamia Miami kuongoza enstiti mupya ya kanseri. Alikuwa na mipango mingi. Tarehe 19 Februari 1962 roho ilisimama, miezi mitatu tu tangu afike. Enstiti ikachukua jina lake. Mu 1995 Ugiriki ulichapa sura yake ku noti ya drakma 10 000, na ile noti ilitumika mupaka euro ilipofika.

Mary hakurudi New York. Alibakia kule Miami na kuendelea kusaidia enstiti ya bwana yake, miaka 20 tena, mupaka alipokufa mu 1982. Ku noti ile hayuko.